Mikono ya Shemeji Yangu

Shemeji yangu alikuwa na mikono mizuri. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Vidole virefu, vyepesi, vya mtu anayeweza kukamua ng'ombe mkali bila kupigwa teke. Kijiji kizima kilimsifu kwa ukamuaji wake. Mimi niliichukia mikono ile, na mpaka leo sioni kwa nini niache.

Tulihamia bonde la Mpimbwe mwanzoni mwa miaka ya sabini tukitokea Usukuma, ukoo mzima wa mume wangu pamoja na ng'ombe wao, tukitafuta malisho. Tukajenga mwendo wa saa mbili kutoka Kibaoni. Wenyeji walikuwa watu wa mpunga na mahindi, wenye kanisa lao na mashamba yao ya tangu zamani, na walitupokea kwa kututazama kwa mbali. Mwaka wa pili mume wangu akaugua tumbo, akafa kabla hatujapata gari la kumfikisha Mpanda. Nikabaki na binti wawili wadogo, nyumba ya udongo na ng'ombe mmoja.

Ng'ombe huyo alikuwa wangu, si wa ukoo. Baba yangu alichunga miaka mingi kwenye shamba moja la mifugo huko kwetu, akapata mtamba chotara, mama wa kienyeji na baba dume la kizungu, akanipa mbele ya mashahidi siku naolewa. Alikuwa mweusi tii mpaka kwenye chuchu, na maziwa yake yalikuwa mengi kuliko ya ng'ombe watatu wa pale kijijini.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alitaka kunirithi kama desturi ilivyokuwa. Nikakataa. Hakukasirika. Alicheka, akasema, "Utakuja tu mwenyewe. Njaa itakuleta." Kicheko kile kilinichoma kuliko tusi. Wakati huo ng'ombe wangu alikuwa ameshahamishiwa kwenye zizi lake, maana mwanamke peke yake, walisema, hawezi kulinda mnyama dhidi ya fisi. Na kwetu ng'ombe wa mtu akilala kwenye zizi la mwingine, mwenye zizi hunywa maziwa na mwenye ng'ombe hungoja ndama.

Basi akanywa. Ng'ombe wetu wa kienyeji mimba ikifika mbali hukauka mwenyewe. Unakamua leo kikombe, kesho nusu, keshokutwa anakataa, na hapo unamwacha. Hakuna aliyewahi kufundishwa kumkausha ng'ombe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji. Chotara wangu hakujua kukauka. Aliendelea kutoa, na shemeji akaendelea kukamua, asubuhi na jioni, mpaka wiki ya kuzaa. Nilipomwambia mnyama anakonda akanijibu, "Ng'ombe hapumziki. Kwani ni mtu?"

Alipozaa, kiwele kilikuwa kigumu upande wa nyuma kama tofali. Maziwa ya kwanza, dang'a, ambayo huwa mazito na ya njano, yalitoka majimaji yenye mabonge na harufu mbaya. Ndama alinyonya siku mbili akaharisha, ya tatu akafa. Chuchu moja ikafa naye. Shemeji akaenda kusema kwa watu kwamba nina mkosi, kwanza mume, sasa ndama. Binti zangu walikunywa uji mtupu mwaka ule, na mdogo akatokwa na vidonda mdomoni vya kukosa lishe. Kwenye zahanati ya Kibaoni wakanipa kichupa cha dawa ya zambarau nimpake. Akapona. Kichupa kikabaki nusu, nikakihifadhi juu ya dari.

Bwana mifugo wa eneo letu alikuwa kijana mwembamba mwenye baiskeli, aliyekuja kuchanja ng'ombe na kusikiliza malalamiko ya mbung'o. Nilimngoja njiani nikamwomba aje amwone wangu. Alipiga magoti, akaminya kila chuchu, akaniuliza maswali ambayo hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza. Kisha akanieleza polepole. Ng'ombe wa aina hii lazima akaushwe miezi miwili kabla ya kuzaa. Siku ya kumwacha unamkamua mpaka tone la mwisho, halafu humgusi tena. Unampa majani makavu na maji kidogo siku za mwanzo. Kiwele kitajaa, kitakaza, utamwonea huruma. Usimkamue hata kikombe. Maziwa yatarudi mwilini yenyewe, na kwenye tundu la kila chuchu kitaota kizibo kama nta kinachozuia uchafu kuingia.

"Ukimkamua katikati umekitoa kizibo," alisema. "Umefungua mlango, mama. Hapo ugonjwa unaingia unapotaka."

Aliniahidi mirija ya dawa ya kusukumia ndani ya chuchu siku ya kukausha. Nilitoka pale nikiwa na hasira mpya kabisa. Mpaka siku ile nilidhani ni bahati mbaya.

Nilimtoa ng'ombe kwenye zizi la shemeji asubuhi iliyofuata, nikamfunga nyuma ya nyumba yangu na kumzungushia ua wa miiba niliyoikata mwenyewe. Kukawa na maneno. Wazee wa ukoo wakaitwa, baba mkwe akiwa mbele yao, mzee wa haki lakini mwenye kupenda kila kitu kiwe mahali pake. Shemeji akasema mjane anaivunja familia. Mimi nikasema nitalea watoto wangu kwa ng'ombe wangu.

Baba mkwe alifikiri sana, akatoa neno. Ng'ombe alikuwa ameshapandwa tena. "Akizaa salama na maziwa yakatosha watoto wa marehemu, mke wetu akae nyumbani kwake, na mtu asimsumbue. Yasipotosha, atahamia kwa mkubwa." Mkubwa ndiye shemeji. Alinitazama kutoka kwenye kigoda chake, akajipangusa mikono yake mizuri kwenye magoti.

Kwa hiyo maisha yangu yakawa yanategemea kiwele chenye chuchu tatu. Nilihesabu miezi kwa mafundo kwenye kamba. Fundo la saba lilipotimia, katikati ya kiangazi, bwana mifugo akaleta mirija mitatu. Nikakamua mpaka tone la mwisho, akasukuma dawa, nikampa ng'ombe majani makavu, nikaacha.

Tatizo lilikuwa malisho. Ng'ombe wa ukoo walichungwa pamoja, familia kwa zamu, na mimi nilikuwa na mpunga wa kupura na watoto wa kuangalia. Asubuhi nilimtoa akaenda na wenzake, jioni akarudi. Wiki ile zamu ilikuwa ya shemeji. Hakutuma mtu mwingine. Alikwenda mwenyewe.

Siku tatu kiwele kilijaa kama nilivyoambiwa, kikakaza hadi kung'aa, nami nikajizuia kumgusa. Siku ya nne jioni ng'ombe alirudi kiwele kimelegea. Chuchu zilikuwa na unyevunyevu, na kwenye mguu wa nyuma kulikuwa na mchirizi mweupe uliokauka. Nilikaa chini hapohapo uani. Shemeji alikuwa amemkamua mchana, huko mtoni wanakonyweshea, ambako hakuna mtu. Hata dawa ya mirija ile alikuwa ameinywa yeye.

Hakuwa na njaa ya maziwa. Alikuwa na ng'ombe wanane wanaokamuliwa. Alijua kilichotokea mwaka uliopita, naye alitaka kitokee tena, mikono yake iniharibie kiwele na mimi nibebe vyungu vyangu kuelekea nyumbani kwake.

Ningekwenda kwa baba mkwe jioni ile, angeuliza umeona? Sikuona. Lingekuwa neno la mjane mwenye mkosi dhidi ya neno la mtoto wake wa kwanza. Nikakumbuka kichupa cha darini.

Hapa nitasema jambo ambalo sikuwaambia wazee. Ningeweza kupaka dawa ile kesho yake. Ningeweza pia kumfungia ng'ombe nyumbani na kumkatia majani mwenyewe. Sikufanya hata moja. Nilijua kwamba keshokutwa wangekuja wageni nyumbani kwa shemeji, wazee wa upande wa kijana aliyetaka kumwoa binti yake mkubwa, kuja kukubaliana idadi ya ng'ombe wa mahari. Ukoo wote ungekuwepo. Sikutaka kumkamata mbele ya watu wawili watatu wamwonee haya na kumfichia. Nilitaka uwanja umejaa. Basi nikamwacha ng'ombe wangu aende mtoni siku nyingine zaidi, nikijua anakwenda kufanyiwa nini.

Siku ya wageni niliamka mapema, nikachanganya ile dawa na samli, nikampaka ng'ombe kwenye chuchu zote na kuzunguka kiwele. Kwenye ngozi nyeusi hakikuonekana kitu. Mimi mwenyewe nilivaa mfuko wa nailoni mkononi, nikauchoma jikoni. Shemeji akapitia ng'ombe alfajiri ili awahi kurudi. Alikuwa anapiga mluzi.

Nilikwenda nyumbani kwake kusaidia kupika kama wake wote wa ukoo. Alirudi saa sita, akaenda nyuma ya nyumba na maji, akakaa huko muda mrefu. Nilisikia anasugua kwa mchanga. Asiyeijua dawa ile anaweza kudhani maji yataiondoa, kumbe maji huisambaza tu. Alipotokea alikuwa amevaa koti, na mikono yote miwili iko mfukoni, katika joto lile.

Wanaume walikaa kwenye mikeka chini ya upenu, wageni watano, baba mkwe na wazee wetu. Ugali ukawekwa kwenye sinia moja, kuku kando yake. Kwetu mkwe mpya na mwenyeji wake huingiza mikono kwenye sinia moja. Asiyekula na mgeni amemkataa mgeni. Na anayepitisha maji ya kunawa ni mke wa nyumba, kwa magoti. Nilimwambia mke wa shemeji, "Dada, pumzika, nitanawisha mimi." Alinishukuru.

Nilianza na mgeni mkubwa, nikaenda nao mmoja mmoja, bakuli mkono wa kushoto, kopo la maji mkono wa kulia. Nikafika kwa shemeji.

"Mikono, shemeji," nikasema.

"Mimi nimeshiba."

"Umeshibia wapi?" baba mkwe akauliza. "Wageni wako hawajatia mkono, wewe umeshiba?"

"Tumbo halitaki, baba."

"Nawa tu, uwape heshima."

Wote wakawa wanamtazama. Shemeji akaniangalia, na hapo ndipo alipoelewa ni nani aliyemtega. Niliona macho yake yakibadilika. Nilikuwa nimeyangoja macho yale tangu ndama wangu alipokufa, na utamu wake sitaukana wala kuuficha.

Akatoa mikono. Vidole, viganja, hadi juu ya kifundo, zambarau iliyoiva, na kucha zimezungukwa na weusi wake. Nikamwagia maji polepole. Yaliyoingia kwenye bakuli yalikuwa na rangi.

"Hiyo nini?" baba mkwe akasema.

"Matunda ya porini."

Mgeni mmoja akacheka bila kukusudia. "Matunda gani haya, kiangazi hiki?"

Mkamwana hasemi mbele ya wakwe. Mimi nilisema. "Baba, naomba uje na wazee mumwone ng'ombe wangu. Ni yule ninayemkausha. Leo asubuhi nilimpaka dawa ya zambarau kwenye chuchu, na hakuna anayepaswa kumgusa."

Walikwenda wote, wageni nyuma yao. Ng'ombe alikuwa amesimama na wengine nje ya zizi. Baba mkwe aliinama kwa shida, akashika chuchu moja, akautazama mkono wake. Akamwonyesha mgeni mkubwa vidole viwili vyenye zambarau. Kumkamua ng'ombe wa mtu kwa siri, kwetu, ni wizi kama wizi mwingine, na kumkamua wa mjane wa mdogo wako hakuna hata jina lake.

Mgeni mkubwa alisema, "Tumeona. Tutarudi siku nyingine." Wakachukua fimbo zao. Sinia halikuguswa, na kuku wakaliwa na watoto.

Jioni binti wa shemeji, yule bibi harusi, alinikuta kisimani. Alikuwa msichana mpole, aliyenishikia watoto nilipokuwa matangani. Akaniambia, "Mama mdogo, ungengoja kesho tu." Nikamjazia ndoo yake, nikamtwisha. Aliolewa baadaye, mwaka mwingine, kwa watu wengine, mbali huko karibu na Sitalike. Kila nikimkumbuka nakosa raha, na bado nikirudishwa siku ile nitashika kopo lilelile.

Wazee walikaa kesho yake. Shemeji hakukana. Wakamtoza mtamba anipe. Nikasema sitaki mtamba.

"Unataka nini, mke wetu?" baba mkwe akauliza.

"Nataka amchunge ng'ombe wangu yeye mwenyewe mpaka azae. Na kila jioni akimrudisha, asimame mlangoni kwangu anionyeshe mikono."

Mzee mmoja alisema nimerukwa na akili, mtamba ni mtamba. Baba mkwe akakubali. Ila lile shauri la mwanzo, alisema, liko palepale: maziwa yasipotosha, nitahama. Desturi haikuona ubaya wa kunihamishia kwa mwizi.

Na hapo nilianza kulipa yangu. Siku iliyofuata chuchu moja ya mbele ilikuwa ya moto na imevimba. Nilituma mtu Kibaoni mbio. Bwana mifugo alikuja, akasikia habari yote, akacheka sana kwenye habari ya kunawa. Kisha akaniuliza ni siku ngapi zilipita kati ya kujua kwangu na kupaka dawa. Nikamwambia. Hakucheka tena.

"Zile za kwanza ni zake," alisema. "Zilizofuata ni zako, mama."

Tulimkamua ile chuchu mbovu kila baada ya saa chache, tukaikanda kwa maji moto, akampiga sindano. Nilimtandikia majani makavu na majivu, nikayabadilisha asubuhi na jioni. Nilikuwa naongea na ng'ombe yule kama mtu, namwomba radhi. Na kila jioni, jua bado lipo, shemeji alisimama mlangoni, kamba ya ng'ombe begani, anangoja.

"Mikono, shemeji."

Alinyoosha. Juu, halafu viganja. Wiki mbili za mwanzo rangi ilikuwepo, ikififia kidogo kidogo, ikabaki kwenye kucha, ikaisha. Binti zangu waliacha kucheza ili watazame. Sikuwafukuza.

Ng'ombe alizaa kabla mvua hazijaanza, ndama jike, mweusi kama yeye. Chuchu ya mbele haikurudi. Zilibaki mbili, lakini zile mbili zilitoa dang'a nzito ya njano, safi, haina bonge hata moja. Nililia pale chini ya tumbo lake. Baada ya siku kumi baba mkwe alikuja na wazee wawili, wakakaa uani tangu asubuhi mpaka jioni. Walimwona ndama akinyonya moja, wakaniona nakamua nyingine, wakaona binti zangu wanakunywa mpaka wanabakisha. Baba mkwe akaomba kikombe, akanywa, akajipangusa midomo. "Kaa nyumbani kwako," akasema.

Ng'ombe yule alinizalia ndama wengine wanne. Kila nilipomkausha nilimfungia mwenyewe, sikumwachia mtu.

Shemeji aliendelea kuishi jirani nami miaka mingi. Hakuniomba radhi, nami sikumpa nafasi ya kuniomba. Adhabu ya kuonyesha mikono iliisha siku ndama alipozaliwa, wazee walisema hivyo wazi. Lakini kila alipokuja kwangu, kwa msiba au kwa salamu, hata alipokuwa mzee wa kutembea na mkongojo, akifika mlangoni alisimama, akauegemeza mkongojo ukutani, akanyoosha mikono yote miwili kabla sijasema neno. Ilikuwa imejaa mikunjo na inatetemeka.

Sikumwambia aishushe mpaka nilipomaliza kuitazama.